Mkristo Aliyefunga Ramadhani

Jumapili, 10 Aprili 2022

Tangu dunia iumbwe hajapata kutokea Mkristo mzuri kama mimi. Na jina langu ni Ilyas Aberkan!

Leo kikosi chetu cha Wapiga Mishale kimechagua kinara wa Sikukuu ya Wamoro na Wakristo, maigizo ya vita vya kale kati ya Wakristo wa huku na Waislamu wa kwetu, ng'ambo ya bahari — yule anayetangulia peke yake mbele ya mstari, na upanga, na mji mzima wa Benifarell hauna macho ila kwake. Kura yetu ni maharagwe. Yanatiwa ndani ya buli la kahawa, yote meupe, jeusi moja. Nikaingiza mkono — jeusi! Mjomba Batiste, mkuu wa kikosi na bosi wangu pale bekari, akapiga kelele kwamba hatimaye haragwe limemwona ndugu yake. Wakacheka. Nikacheka kuwashinda wote.

Kwa nini mimi ni Mkristo? Nilipokuwa na miaka tisa Mjomba Batiste aliniuliza nataka kuchezea upande gani. Nikamuuliza, nani hushinda? Basi. Wamoro huteka ngome leo, kesho kutwa hunyang'anywa, husukumwa hadi baharini. Kila mwaka! Sina shida hiyo.

Nyumbani Mama akapiga kigelegele, halafu akashtuka: chuma kichwani, jua lote lile, na saumu je? Baba hakuinua macho. Anamenya chungwa la futari, ganda moja refu lisilokatika, kama kawaida yake. Akasema hongera. Akasema pia haji.

Hajaja hata mara moja tangu ahamie huku kutoka Rif. Eti kila mwaka wanatufukuza, na kila Jumatatu alfajiri msimamizi wa shamba anampigia simu aende kuchuma machungwa. Sasa amefukuzwa au hajafukuzwa? Wakishaamua wamwambie, ndipo aje kutazama.

Atakuja. Mimi huyu, nishindwe na mzee mmoja?

Alhamisi, 14 Aprili

Mazoezi nyuma ya bekari. Upanga ni mzito kuliko beleshi la kuingizia mikate, lakini nauzungusha kama kijiko.

Mjomba Batiste anafundisha kwa matusi. Sheria ya kwanza: mstari haukatiki. Watu kumi wameshikana mabega nyuma yako, ukisimama wewe wanarundikana wote. Usisimame hata mama yako akizimia. Sheria ya pili ndiyo tamu: ukimwona Mmoro kandoni, hata kama ni binamu yako kavaa kilemba na anakula karanga, mwelekezee upanga kifuani. Ngurumisha: "Rudi baharini!" Naye atainua mikono juu, atarudi nyuma, watu watakufa kwa kicheko. Ndiyo desturi. Kinara asiyefukuza Mmoro hata mmoja ni mwali wa harusi tu, anasindikizwa.

Nikamwambia mimi nitafukuza hamsini.

— Anza na wewe mwenyewe, akasema. Akanipa mkate wa kwenda nao nyumbani kwa futari. Kila siku ananichagulia ule wa juu.

Jumanne, 19 Aprili

Ximo Llopis kaja. Rafiki yangu, nywele kama ndevu za mahindi, ngozi ikiona jua inakuwa nyanya — na ndiye Mmoro! Kajipaka rangi ya kahawa usoni, anauliza kama imekolea. Nikamwambia, kaka, huo ni mkate ulioungua, Mjomba Batiste akikuona atakutupia kuku.

Akataka nimfundishe ukelele wa vita, wa kweli, wa kwetu. Nikamfundisha. Kaurudia njia nzima, kifua mbele. Masikini! Kwa lugha yetu ya Rif maana yake ni "Mama, chai imechemka".

Alhamisi, 21 Aprili

Kofia ya chuma inanitafuna masikio. Jana nililalamika, si sana, mara kumi hivi. Leo narudi kutoka kazini nakuta ndani imeshonewa kitambaa laini pande zote, mishono midogo midogo ya mtu asiyeona vizuri. Kitambaa nakijua. Ni cha lile shati la Baba la zamani.

Nikamuuliza, Baba, kumbe unakuja?

— Nimeshona kofia. Sijasema nakuja.

Lakini mlangoni viatu vyake vya njano vya Idi vimefutwa vumbi. Mama anajifanya hajui kitu. Mama hajui kudanganya, anaangalia dari.

Nilikwambieni!

Ijumaa, 22 Aprili

Haraka tu. Maandamano yamechelewa, basi la bendi limeharibika njiani. Wamoro ndio wanatoka sasa, sisi baada yao. Kwa vyovyote maghrib itanikuta barabarani. Koo kavu kama unga. Mjomba Batiste kaniambia, mwanangu, kunywa maji, Mungu haangalii siku ya sikukuu. Nikamwambia anaangalia zaidi, nimependeza. Akachukua chupa yake mwenyewe akaificha nisiione.

Ximo kapita anapiga ukelele wake! Kikosi kizima nyuma yake wanaitikia! Mama kandoni akacheka hadi akakaa chini, akamjibu kwa sauti: "Basi mimina!"

Baba simwoni. Bendi inaita. Naenda!

Jumamosi, 23 Aprili

Naandika ya jana. Nilikuwa moto! Upanga juu, upanga chini, wasichana wa duka la dawa wanapiga picha. Nilifukuza Wamoro saba. Matarumbeta nyuma yananisukuma kama upepo. Hakuna kinara aliyeshangiliwa hivyo, Mjomba Batiste mwenyewe amekiri, naye hukiri mara moja kwa miaka kumi.

Makofi makubwa kuliko yote yalikuwa pale kona ya kanisa. Taa zimewaka, jua limezama, na mzee mmoja akashuka barabarani, kanzu ndefu yenye kofia, anakuja moja kwa moja mbele yangu. Watu wakadhani kapangwa. Mmoro gani huyo, mavazi safi vile! Wakaanza kunipigia kelele: mfukuze! mfukuze! Nikamwelekezea upanga kifuani. "Rudi baharini!" Mzee akasimama. Akainua mikono, kama inavyotakiwa. Akarudi nyuma hadi kandoni. Kona nzima ikalipuka. Mstari haukukatika.

Alikuwa Baba. Ameleta tende na maziwa, nifungulie saumu.

Nimemweleza Mama kwamba sikumtambua. Kofia inaziba macho, jasho, giza. Mama kasema ndiyo, giza lilikuwepo. Akaangalia dari.

Ximo anasema ndio uchekeshaji bora wa sikukuu, tumeupangaje?

Jumapili, 24 Aprili

Leo tumeteka ngome. Wamoro wamesukumwa nje, Ximo kafa vizuri sana, kafa mara mbili. Nimeshangilia na wenzangu.

Baba hajanuna. Hilo ndilo baya! Asubuhi kaniuliza kama masikio bado yanauma. Tende za juzi zipo juu ya friji, zimefungwa kwenye leso, hazijafunguliwa, hakuna anayezigusa. Kwenye bekari wananiita mfukuza baba, kwa upendo, wananipiga mgongoni. Mjomba Batiste peke yake hakucheka. Kanipa mkate wa juu, akasema mpe mzee, mwambie ni wangu mimi.

Kwa wote nimesema sikumtambua. Nimesema vizuri mpaka Baba mwenyewe ananisaidia: jana kamwambia jirani, mtoto chuma kilimziba macho.

Hakikuniziba. Kilikaa sawa, kwa kile kitambaa chake. Nilimjua kwa viatu vya njano, kabla hata hajaukanyaga ukingo wa barabara. Nilimwona anatabasamu. Nikasikia ile kelele, mfukuze, mfukuze, nikaona nikipokea tende mimi si kinara tena, ni mtoto wa mchuma machungwa anayelishwa barabarani.

Simu ya Mama imeadhini. Wamekaa mezani, hawajaanza. Mkate uko mkononi mwangu na mlango wa chumba nimeufunga.

Baba ananiita. Anasema chungwa ameshalimenya.