Kamanda Tuliyemfanyia Matanga

Mbamba Bay, Jumapili, 28 Julai 2024

Mdogo wangu Othmar,

Habari za Ngaka? Kifua chako na vumbi la mgodi wa makaa ya mawe vinapatana? Sisi wazima, mama anakula vizuri. Simu yangu ilitumbukia ziwani, ndiyo maana nakuandikia.

Jana katika banda langu la video nilisimulia kwa Kiswahili sehemu ya tisa ya ile tamthilia ya kigeni ya vita ya sayari. Kamanda Ilva amekufa. Nilitangaza mwenyewe kwa kipaza sauti, banda zima likalia. Leo baada ya misa jirani yetu Mama Hilda kaja na wenzake, kanga kiunoni, wakaketi mkekani kumfanyia matanga. Walianza kwa utani. Chungu cha uji kilipofika nusu walikuwa wanalia kweli.

Nitumie sehemu ya kumi, ya mwisho, kwa Kilian, dereva wa basi la huku. Tunaionyesha Jumamosi. Wote wanataka kujua vita itaishaje bila yeye.

Dada yako,
Asteria

Ngaka, Jumatano, 31 Julai 2024

Shikamoo dada,

Mimi mzima, kifua hakina neno. Msalimie mama.

Flashi imo kwenye bahasha. Kaa chini kwanza. Ilva hakufa. Kwenye sehemu ya tisa daktari alisema amelazwa kwenye baridi ili apone. Wewe ulimwona kafunikwa shuka, ukamzika. Sehemu ya kumi anaamka dakika ya sita, na ndiye anayemaliza vita. Anapanda chombo kidogo kisicho na silaha na kuwapelekea maadui mateka wao mia tatu, kabla hawajaomba. Wale wanasubiri mtego. Hakuna. Mateka wa mwisho anaposhuka, wanazima mizinga na kuwarudisha watu wa Ilva.

Waambie ni pacha wake. Wakijua ulikosea, nani atakuamini tena na kipaza sauti?

Mdogo wako,
Othmar

Mbamba Bay, Jumapili, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu Othmar,

Marahaba. Tu wazima, ila sauti imenikauka.

Huyo pacha nilimfikiria siku mbili, nikamwacha. Jana watu walijaa hadi dirishani. Kabla ya picha nikasimama: "Jamani, nilikosea. Ilva yuko hai."

Kisha Mama Hilda: "Asteria, una hakika, au utamuua tena?"

"Nina hakika, mama."

"Kumbe nimekunywa uji wa marehemu mzima wa afya!"

Walicheka mpaka benchi likavunjika mguu.

Ilva alipofumbua macho, vigelegele vilinizima. Mateka walipoanza kushuka niliweka kipaza sauti chini, hakuna aliyenihitaji. Mizinga ilipozimwa watu walitoka kucheza barabarani. Mzee Mansuetus, askari mstaafu, alisema vita ya kuisha bila risasi ni ya kizembe. Alisema huku anapangusa macho.

Leo wamekuja tena. Jumamosi wanataka nirudie sehemu ya tisa, safari hii niisimulie sawasawa. Nimekubali. Mama Hilda ametoa sharti moja: bandani kwangu hakuna atakayelia tena mpaka kwanza aonyeshwe kaburi.

Dada yako,
Asteria