Mguu wa Tano

Ijumaa, mwezi wa saba. Baridi ya kukata masikio, manyunyu tangu asubuhi, na mimi nina roho mbaya kuliko hali ya hewa.

Nilitaka kuandika kichekesho leo. Nilikuwa nimeshakipanga kichwani kabla ya chai ya saa nne: jinsi walimu wa sanaa tunavyokusanyika Ruiru kila mwaka kwenye kongamano, tunavaa beji, tunakula samosa, tunaambiwa mambo tuliyoambiwa mwaka uliopita, kisha tunarudi shuleni na kalamu moja ya bure. Hata bango la mlangoni nililikariri niwacheke nalo: "Msikilize mtoto kabla hujashika brashi." Nilipolisoma niliguna kwa sauti.

Sasa bango hilo limekataa kunitoka kichwani.

Mwaka huu kulikuwa na jambo la maana. Kila shule iliambiwa ilete picha moja ya mwanafunzi wa Gredi ya Tisa. Mwenye picha bora angepata nafasi ya kusomea sanaa katika shule ya bweni hapo Ruiru, sekondari ya juu yote, amelipiwa kila kitu mpaka sabuni. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mkono wa mwalimu usiiguse kazi ya mtoto.

Mimi nilienda na mbuzi wa Mukami.

Wanaonisoma kwenye blogu hii tangu zamani wanamjua, ni yule niliyewahi kuandika kwamba huchora kwenye kuta za choo cha shule na hakuna anayetaka kuzipaka rangi upya. Ni mwanafunzi wangu hapo Gatuanyaga. Hana maneno. Ukimuuliza kitu anatazama viatu vyake. Mama yake anafuga mbuzi, yuko peke yake, na ameshasema wazi kwamba mtihani ukiisha Mukami ataenda Murera kwa tata, shangazi yake, kulea watoto. Hasemi kwa ubaya. Karo hana, na mbuzi wenyewe jua limewamaliza. Kwa hiyo mbuzi huyu wa kwenye karatasi ya manila ndiye aliyekuwa njia yake ya pekee ya kwenda shule.

Na alikuwa mbuzi kweli. Amechorwa kutoka nyuma, amejaa karatasi nzima, kichwa kimegeuka kutuangalia, mdomo wazi. Rangi zetu ni zile zile za siku zote, udongo mwekundu, makaa na majivu, tunakoroga na gundi ya mafundi wa mbao kwa sababu rangi za dukani tulishaacha kuzingoja. Nitasema ukweli: mara ya kwanza kuiona picha hiyo niliona wivu. Nimesomea sanaa chuoni, na sijawahi kuchora jicho la namna ile.

Ila mbuzi alikuwa na miguu mitano. Wa tano ulikuwa mwembamba, umepauka, unaning'inia nyuma. Nilidhani Mukami alikosea mguu akashindwa kuufuta, maana udongo ukishika na gundi haufutiki. Sikumuuliza. Naibu wa mwalimu mkuu aliipiga kazi hiyo picha kwa simu akaituma kwa waandalizi pamoja na jina la shule, kama walivyoagiza, na jambo hilo likanitoka akilini kabisa.

Leo asubuhi tukatundika kazi zetu katika ukumbi wa hoteli. Nilizunguka nikiwa na kikombe cha chai na ulimi wangu huu ambao marehemu mama alisema utanizika. Kulikuwa na simba wengi wa matangazo ya kinyozi. Kulikuwa na twiga mwenye shingo ya bomba la maji. Kulikuwa na Mlima Kenya uliochorwa kwa ustadi wa mtu mwenye ndevu na watoto wawili. Niliwacheka wenyewe wakiwa hapo hapo. Mwalimu mmoja mgeni, msichana mdogo ndio kwanza ameajiriwa, nilimwuliza kama maua yake ni maua au ni ajali. Alijaribu kucheka na mimi. Macho yake hayakuweza.

Jirani yangu ukutani alikuwa Kamande, mwalimu wa shule moja ya kulipia mjini Thika, tai nyembamba, viatu vya kuchongoka. Picha yake ilikuwa mama amebeba kuni, machozi yanang'aa moja moja.

"Mwanafunzi wako ananyoa ndevu," nikamwambia.

Hata hakuona haya. "Madam, wacha tuambiane ukweli. Mtoi ameandika jina hapo chini tu. Hiyo kazi ni yangu, usiku tatu." Kisha akamgeukia mbuzi wangu, akainamisha kichwa, akahesabu kwa kidole ili walimu wote wa meza yetu ya chai waone. "Na hii? Ama huko Gatuanyaga mbuzi hukuja na spare?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Yule msichana wa maua alicheka kuliko wote.

Ningeweza kucheka pia. Mchezo nilikuwa nimeuanzisha mimi. Lakini iliniuma, na iliniuma kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Mukami. Ndani ya mkoba nilikuwa na kikopo cha udongo wa gundi na brashi, huwa natembea navyo. Walipoenda kujaza chai, nikaishusha picha, nikaiweka kwenye dirisha, nikaupaka ule mguu rangi ya ardhi. Haikuchukua muda. Ukamezwa. Nikarudi hatua nyuma nikamwona mbuzi nadhifu wa miguu minne, wa kuwekwa kitabuni, na nikajisikia mwalimu mzuri.

Baada ya chai akasimama jaji. Mama mtu mzima, mchoraji, nywele fupi zenye mvi, sweta ya kufumwa kwa mkono. Wote walimwita Daktari. Alisema picha zetu alishaziangalia zote nyumbani kwake kwa simu, zile tulizotuma, na karibu zote zimechorwa na watu wazima, na zilimchosha.

"Isipokuwa moja."

Kwenye skrini akatokea mbuzi wa Mukami. Mkubwa, ukuta mzima.

Nilisimama. Hakuna aliyeniita, nilisimama tu mwenyewe, na nilimtazama Kamande.

"Huyu mtoto ameona mbuzi akizaa," Daktari akasema. "Mtoto wa mbuzi amekwama. Mguu mmoja ndio umetoka, mwingine umekunjika huko ndani. Tazameni uso wa mama. Kazi kama hii haifundishwi. Hebu ileteni yenyewe tuione."

Nilitaka kusema ngojeni, lakini vijana wawili wa hoteli walikuwa wameshaibeba, wakaiweka mbele kabisa, chini ya skrini. Juu miguu mitano, chini minne.

Daktari akavaa miwani. Akaitazama, akatazama skrini, akaitazama tena.

"Mguu uko wapi?"

"Nilirekebisha kidogo tu," nikasema.

"Ulirekebisha nini?"

"Ilikuwa mitano."

Nyuma yangu mtu akatoa kicheko puani. Daktari hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mwalimu, mbuzi alikuwa anazaa. Wewe umemrudisha mtoto ndani."

Ukumbi ulilipuka. Watu wazima, wenye shahada, wanapiga meza. Mmoja alilia "Ngai fafa!" akishika mbavu. Nilisimama pale na beji yangu nikingoja waishe, na hawakuisha haraka.

Walipotulia akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichuna ngozi, kwamba sharti tunalijua, mkono wa mwalimu umeonekana mbele ya wote, na hawezi kufumba macho. Nafasi lazima itolewe leo. Akaipa picha ya kuni.

Hapo nikapiga kelele. "Hiyo amechora mwenyewe! Ameniambia hapa kwa meza! Waulizeni!"

Kamande akageuka pole pole, mtu mwenye muda wote wa dunia. "Haiya, Madam. Ukianguka usishike watu nguo."

Niliitazama meza yetu. Wote walikuwa wamemsikia akijisifu. Wote walikuwa wameangalia sahani. Nilimtazama yule msichana wa maua, na yeye akanitazama sawasawa, akanywa chai.

"Una ushahidi, mwalimu?" Daktari akaniuliza.

Sikuwa nao. Nadhani alijua. Alikisaini cheti cha Kamande bila kuitazama ile picha hata mara moja. Lakini wizi wangu ulikuwa na picha ya kabla na picha ya baada, na wa Kamande haukuwa na kitu.

"Basi kaa chini."

Nikakaa.

Kabla ya kuondoka nilijifungia chooni na manila ile, nikajaribu kuufuta ule udongo kwa tishu na maji. Gundi ilikuwa imeshika. Karatasi ilianza kunyofoka, nikaacha.

Kutoka Thika nilipanda bodaboda mpaka kwao Mukami, picha nimeikumbatia mgongoni mwa dereva. Njia nzima nilipanga maneno. Ningemwambia hivi: picha yako ilikuwa ya kwanza, mimi ndiye niliyeiharibu, nisamehe. Niliyasema kwa sauti na dereva akauliza, "Umesema?" nikamwambia endesha.

Kwao manyunyu hayakuwa yamefika, vumbi lilikuwa pale pale. Mukami alikuwa langoni na sweta ya shule, bila shaka tangu alipotoka darasani. Mama yake alikuwa akikata majani ya mbuzi. Na katikati ya ua kulikuwa na kitoto cha mbuzi, mguu mmoja wa mbele umepinda kidogo, kinarukaruka. Kilikuja moja kwa moja kikaanza kutafuna pembe ya manila.

"Ndio huyo," Mukami akasema, na nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kuniambia bila kuulizwa. Akamwonyesha mama yake kwa kidevu. "Mathe alimtoa na mkono."

Halafu: "Wamesema aje, Madam?"

Nilifungua mdomo. Niliyoyapanga yalikuwa hapo hapo mdomoni.

"Haikupita," nikamwambia. "Ule mguu wa tano uliwachanganya. Nilijaribu kuufunika, lakini walikuwa wameshauona."

Oneni jinsi yalivyokaa vizuri. Hakuna neno hapo ambalo halikutokea. Nimeyapanga upya tu, na kazi yangu ni kupanga vitu kwenye karatasi.

Mama yake akaacha panga. "Si nilikwambia? Si nilikwambia uchore maua kama watoto wa watu? Nani anataka kuona mbuzi ikiumwa?" Akanigeukia mimi kwa aibu. "Pole sana, mwalimu. Amekuaibisha huko kwa watu."

Mukami alikuwa anatazama viatu vyake.

"Pole, Madam," akasema. "Nimekuangusha."

"Usijali," nikamwambia.

Nilimshika bega nikamsamehe. Someni tena hiyo sentensi, nimeiandika sawa. Nilimsamehe.

Mama yake hakukubali niondoke mikono mitupu. Mgeni harudi hivyo, na mwalimu ndiyo kabisa. Aliingia ndani akatoka na mayai amenifungia kwenye gazeti, akanishukuru kwa kupoteza siku yangu kwa ajili ya mtoto wake. Niliyapokea kwa mikono miwili. Mukami alinisindikiza mpaka barabarani, akaniahidi kwamba hatarudia. Wakati mwingine atachora minne.

Sasa niko nyumbani, mtaa wa Landless, kuna mtu jirani anachoma mahindi na harufu inapita dirishani. Mayai yako mezani. Sina hamu ya kuyala na siwezi kuyatupa.

Najua mtakayoniandikia hapa chini. "Pole ticha, sisi sote ni binadamu." Msiniandikie. Wengine mtaniambia nimweleze ukweli, na hao nimejaribu kuwajibu tangu niketi. Nafasi imeenda, haitarudi. Mama ameshazungumza na Murera. Ukweli utamsaidia nini?

Jibu ninalo, na ndilo linaloniogopesha. Angejua kwamba jaji aliona picha zote za ukumbi ule na akaichagua yake. Angejua kwamba ule mguu ndio uliochaguliwa. Angeenda Murera na hilo, akiosha nguo za watoto wa tata yake angekuwa nalo, na hakuna ambaye angemnyang'anya. Ila kumpa hilo ni lazima nimpe na mimi, nilivyo. Jioni ya leo nilipima, nikaona ni afadhali abaki bila chochote na aendelee kuniita Madam kwa heshima.

Nitasema Jumatatu? Natamani kuandika ndiyo. Nimeiandika mara mbili nikaifuta, na hii kompyuta angalau inafutika.

Jumatatu somo la kwanza ni langu, Gredi ya Tisa. Mukami atakuwa amekaa mbele, penseli imechongwa, akingoja nimwonyeshe mbuzi huchorwaje.