Dada Vuyelwa, Babalwa Amevua Nguo Nyeusi

Mwaka umetimia, dada Vuyelwa, tangu ajali ile ya barabara ya Qonce ilipokuchukua, glovu zako zikiwa bado zimeanikwa kwenye kamba uani. Watu wa Mdantsane wanakutaja kama vile umetoka kwenda dukani, unarudi sasa hivi.

Tunakumbuka ulivyokuwa hutulii. Asubuhi unakimbia kilima, mtaa mzima unaamshwa na mbwa wanaokubwekea. Jioni uko klabuni unafundisha watoto wa watu kupiga ngumi. Ukirudi unakula makande kwenye sufuria, umesimama, Mama anafoka, "Vuyelwa, sahani zimeisha nyumba hii?"

Tunakumbuka siku ile redioni. Mtangazaji alizungukazunguka weee, eti kuna mwanaume gani anayemudu bondia? Ukamjibu, "Mchumba ninaye, anaitwa Babalwa, ni mwanamke. Haya, tuongee ngumi." Shangazi Nokuzola alimwaga chai. Pambano lililofuata, jamaa mmoja wa viti vya nyuma akapayuka, "We! Tukuite kaka au dada?" Ukaegemea kamba za ulingo ukamwambia, "Panda huku nikujibu." Hata refa alicheka.

Sijui kama ulijua nani alikuwa anasikiliza ile redio. Wiki ileile wakaanza kuja klabuni, wasichana kwa wavulana, wengine hata ngumi zenyewe hawazitaki, wanataka tu kukaa mahali ulipo. Asithandile alikuja na begi lake, kafukuzwa kwao. Hukumuuliza kitu. Ulimvalisha glovu ukamwambia, "Mikono juu, kidevu chini." Mwaka huu kachukua mkanda wa mkoa, na waandishi walipomhoji akasema wazi yeye ni nani, na nani alimtoa woga.

Sasa habari ya Babalwa, maana hiyo ndiyo tulitaka uisikie kutoka kwetu.

Msibani kwako baba mkubwa Mzwandile, unamjua na mila zake, alimkalisha nyuma pamoja na marafiki. Babalwa akaenda kununua nguo nyeusi mwenyewe, akakaa eda. Baba mkubwa akasema, "Eda mtu hajivalishi. Anavalishwa na wakwe zake. Huyo wakwe zake ni kina nani?"

Babalwa akaishika eda yake vilevile. Jua likizama, yuko ndani. Mkono hampi mtu. Asithandile alipopigania mkanda hakwenda ukumbini, kwa sababu mjane haendi penye shangwe. Alikaa nyumbani na simu sikioni. Wateja saluni wakimuuliza kafiwa na nani, anasema, "Na mke wangu," anaendelea kusuka.

Mwaka ulipokaribia kuisha tukamwambia basi, vua, pumzika. Akasema, "Nilijivalisha kwa sababu hakuna aliyekuja kunivalisha. Kuvua, sijivui. Kama hamji, nitazeeka nazo." Na hakuwa anatania.

Kikao kikaitishwa. Baba mkubwa akaanza, "Tukimvua, tumesema alikuwa mkwe wetu."

"Si ndicho tunachosema?" Mama akamjibu.

Shangazi akadakia, "Kaka, wewe mwenye mila, nionyeshe alipokosea hata siku moja. Mkeo mwenyewe alipofiwa na yule mume wake wa kwanza, si alivua mapema akakufuata wewe dansini?"

Tulicheka mpaka mbwa akatoka nje. Baba mkubwa hakucheka. Alisema tu, "Hakukosea." Akachukua kofia yake akaondoka. Hatukuelewa ndiyo amekubali au amekasirika.

Jumamosi asubuhi Mama na shangazi wakaenda kwa Babalwa. Wakamwogesha, wakachoma zile nguo nyeusi, wakamvalisha gauni jipya ambalo Mama alilishona bila kumpima. Lilimbana hasa. Shangazi akamwambia, "Vumilia mwanangu, hiyo ndiyo mikono ya mama mkwe wako." Babalwa akacheka, akalia, akacheka tena. Baba mkubwa siku hiyo hakuonekana.

Alikuja jana, akanikuta naandika tangazo hili. Jina la Babalwa nilikuwa nimeliweka mwisho kabisa, chini ya watoto wa klabu, ili mzee asije akawaka. Akasoma lote polepole. Akanirudishia karatasi.

"Phakamani, shule umemaliza ukajifunza nini? Mjane anatangulia."

Basi, dada, wanaokukumbuka ni mjane wako, Babalwa. Mama yako, Nothemba. Baba yako mkubwa, Mzwandile. Shangazi yako, Nokuzola. Mimi mdogo wako, Phakamani. Na watoto wote wa klabu pamoja na Asithandile.

Hututoki moyoni, leo na siku zote.