Kwa Nini Hatumo Pichani

Zaituni, mke mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka Mtawanya. Sote wazima, mjomba wako hukohoa akitumwa kazi tu.

Umeniuliza kwa ajili ya filamu yako: kama wanawake tuliijenga barabara ya Kibiti, mbona kwenye ile picha ya zamani wamo wanaume peke yao?

Mwenzangu, enzi za Mwingereza sisi ndio tuliobeba kokoto kwa vikapu. Siku ya picha hiyo, mzungu wa barabara akaja na kamera, akasema, "Wafanyakazi wote wasimame hapa." Wanaume wakasimama na vumbi lao. Sisi tukakimbilia nyumbani. Nani apigwe picha na kanga ya kazini? Tukaoga, tukapaka wanja, tukavaa doti mpya. Tuliporudi, mzungu akatupungia mkono: "Nyie watu wa harusini, kaeni pembeni!"

Ndiyo maana babu yako yuko mbele, amekumbatia kikapu changu, ambacho hakupata kukibeba hata kwenda sokoni.

Njoo na kamera yako, nami safari hii sibanduki. Ila usinitajie siku. Nikiijua, nitakwenda kuoga.

Bibi yako,
Mwanahawa