Fidla ya Mwisho

Rennes, 10 Machi

Wifi Odile,

Daktari ametuambia leo kwamba sikio la kulia la kaka yako limekufa, na la kushoto limebakiwa na sauti nene tu. Mama asijue. Waridi ulilotuletea limechipua.

Simfonia aliyoitunga inamalizikia kwa fidla moja, kwa sauti nyembamba ya juu kabisa. Jana mazoezini Anselme alimfokea mpigaji: “Mbona umeacha kabla ya mwisho?”

“Maestro, mkono huu unaokwenda ni wa nani? Wa shangazi yako?”

Okestra nzima ilicheka. Anselme aliutazama ule mkono mpaka ukasimama.

Onyesho ni Ijumaa, saa mbili usiku, nasi tutaketi pamoja safu ya mbele. Ameniomba nimguse goti fidla itakaponyamaza, ajue wakati wa kusimama na kuinamia watu.

Wifi yako,
Maryvonne