Kwa Madamu Hester, Aliyeingia Bila Hodi

Madamu,

Bosco amefungwa. Naanza na hilo maana ungeniuliza kabla sijakaa.

Mwanasheria wake aliiambia mahakama kwamba ulijikwaa, kikongwe wa watu, na kwamba Bosco aliinua mikono kujikinga tu. Nilisimama. Nikasema, "Viganja vyote viwili, wazi, kifuani kwake. Alimsukuma."

Niliona kwa sababu ulinifundisha kuona. Siku ile kwenye jumba la sanaa, mbele ya picha ya vita, nililia kwa kuwa ilinirudisha Fizi, kwetu, tulikokimbia vita. Ukanishika bega: "Usitazame upanga, binti. Tazama mkono." Maisha yako yote uliandika vitabu juu ya picha kama zile, na riwaya ambazo hakuna hata moja isiyo na mwanamume anayepigwa. Nilipokuuliza kwa nini, hukunificha. Baba yako alirudi Uingereza kutoka vitani, akawa anampiga mama yako jikoni. Wewe, mtoto wa shule, ukamvunja baba yako mkono kwa chuma cha kuchochea moto. "Sijajuta," ukasema, ukanimiminia chai.

Jumapili ile nilikuwa nimetoka kanisani. Bosco, mume niliyemkimbia, aliupiga mlango wangu mateke mpaka komeo likang'oka. Akanikamata nywele, akanibamiza uso kwenye friji. Nilimeza damu na jino. Jengo letu zima hapa mjini Hopkins, huku ughaibuni, lilisikia. Milango ikawa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Wa kwako, upande wa pili wa korido, ukafunguka.

Uliingia na kikaango cha chuma. Ulimpiga mgongoni, ukampiga sikioni, ukimtukana matusi ambayo sikujua bibi wa Kiingereza anaweza kuyatamka. Akaniachia mimi, akakugeukia wewe. Nyonga yako ilivunjika kwenye kona ya jiko. Ule mlio, Madamu. Ule mlio.

Hospitalini ulipona nyonga, mapafu yakakataa, ukatutoka. Mpwa wako alikuja kutoka Uingereza akachukua picha zako. Riwaya akaniachia mimi. Nazisoma polepole, na kamusi.

Mama yake Bosco ananipigia simu kutoka Uvira kunilaani. Kanisani wananiambia, "Dada, samehe." Sijasamehe. Nikikata vitunguu najikuta nimekishika kisu kama aliye mbele yangu ni yeye. Wewe pekee ningeweza kukuambia hivyo usishtuke.

Sasa chumbani kwangu analala Njeri, Mkenya kutoka mji jirani wa Brooklyn Park, anayehudumia wazee. Mumewe alimvunja taya. Anakunywa uji kwa mrija. Jana mwanamume huyo alipiga simu: amejua tunapokaa, na anakuja. Polisi nimewaambia. Wamesema watapita.

Pumzika, mama yangu wa upande wa pili wa korido. Mkono wako umefanya kazi ya kutosha. Mimi nakuahidi hili moja: akija, hatanikuta nimejifungia.

Wako,
Furaha