Gari Lisilotumia Maji

Jumatatu, 2 Septemba 1957. Mbeya.

Nimefungua gereji saa moja. Baridi kali, spana zinauma vidole. Breki za lori la pareto. Pancha mbili. Saa nne gari la kijani la Bwana Nilsen likaingia, linasukumwa na watu wanne. Mara ya tatu tangu Julai.

Bwana Nilsen ni mpima ardhi. Mzungu, lakini si Mwingereza. Siku zake nyingi yuko njiani kati ya hapa na Iringa. Gari lake ni la michezo, la Kijerumani, viti viwili, injini nyuma. Halina rejeta wala tone la maji. Injini inapozwa na upepo wa feni tu. Anasema kwenye tambarare linakwenda kama mshale. Likianza kupanda mlima wa Inyala linanuka oili iliyoungua, nguvu zinaisha, linazima.

Nimesogeza kiganja kwenye kifuniko cha injini. Nikakirudisha upesi.

Msimamizi wetu ni Bwana Garland. Mafundi tunamwita Bwana Basi, maana akisema "basi" hakuna neno tena. Leo alinitazama mimi. Mwezi uliopita mimi ndiye niliyebadilisha oili ya gari hilo. Sikupenda alivyonitazama.

Jumanne, 3 Septemba.

Nimeikagua injini tangu asubuhi. Oili imejaa, ila imekuwa nyeusi na nyepesi kama chai. Mkanda wa feni umekaza. Plagi nyeupe, zimeungua. Cheche zinawaka kwa wakati wake. Mapezi ya silinda, yale yanayotoa joto, nimeyasafisha kwa brashi, hayakuwa na uchafu wa kutisha.

Nikalala chini ya gari. Nikaona mchanga wa sakafu moja kwa moja kupitia pembeni mwa injini. Si kawaida. Hapo panatakiwa mabati matatu ya kuziba.

Nikakumbuka. Julai Bwana Garland aliyafungua mwenyewe. Alisema injini ipate kupumua.

Sasa naelewa. Mabati yale yanatenga juu na chini. Juu feni inavuta upepo wa baridi. Chini kuna ekzosi na joto lake. Ukiyaondoa, feni inavuta lile joto la chini na kuirudishia injini. Kadiri mlima unavyokuwa mrefu ndivyo injini inavyojipika yenyewe.

Nimefurahi kama niliyeua chui.

Jumatano, 4 Septemba.

Nimemwambia. Taratibu, kwa heshima, kofia mkononi. Hakuniacha nimalize.

"Nani alikufundisha injini, Ambakisye?"

"Jeshi, Bwana. Miaka minne, malori ya jeshi."

"Malori yana maji. Basi."

Akatia oili nzito, akamwita Bwana Nilsen achukue gari. Bwana Nilsen akaondoka kwenda Chimala kupima mashamba ya mpunga. Nilisimama mlangoni namtazama anavyoteremka. Nilikuwa na aibu, na makosa si yangu.

Mchana nimechakura rundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji. Nimepata mabati mawili. La tatu mtu amelikata kuzibia bodi ya lori. Nimekata jipya kwa debe la mafuta ya taa, nikalikunja kingo, nikatoboa matundu. Kingo zote nimezivisha mpira wa tyubu kuukuu ili upepo usipenye. Sikuomba ruhusa.

Alhamisi, 5 Septemba.

Ameniita ofisini. Karatasi imepigwa taipu kwa Kiingereza. Inasema mimi, Ambakisye, niliacha injini ya Bwana Nilsen bila oili ya kutosha, na ndiyo sababu inachemka. Nitie sahihi. Alidhani sisomi Kiingereza. Alinisogezea na kidau cha wino wa dole gumba.

Nikasoma mpaka mwisho. Nikasema sitatia.

Kanipa mpaka kesho kutwa saa sita. Sahihi au nje.

Nyumbani Mama Neema kaniambia nitie. "Karatasi ni karatasi, Baba Neema. Watoto hawali ukweli." Ana haki ya kuogopa. Hata mimi naogopa. Lakini nikitia jina langu pale, gari lolote litakaloharibika Mbeya hii litakuwa langu.

Sitatia.

Ijumaa, 6 Septemba.

Habari imekuja na dereva wa lori la mpunga. Bwana Nilsen amekwama Chimala. Amejaribu mlima mara mbili, mara mbili amerudi chini. Bwana Garland akasema niende na Mzee Saidi, dereva wetu, tuvute gari lake kwa kamba. Mabati nikayatia gunia, nikalikalia njia nzima. Mzee Saidi kaliona, akatazama barabara.

Tumelikuta kando ya soko. Jua kali huko chini, si kama kwetu. Nikamwambia Bwana Nilsen nimetumwa kumvuta, lakini akinipa saa mbili hatahitaji kamba. Aliuliza kwa nini. Nikachukua kipande cha karatasi, nikakipitisha pembeni mwa injini inayounguruma. Kikanyonywa kutoka chini, kikatoka juu kwenye feni kimeanza kuwa kahawia. Akapiga magoti akatazama. Akavua koti, akanishikia nati.

Nikafunga mabati yote matatu. Nikamwaga ile oili nzito, nikatia ya kawaida tuliyobeba.

Mzee Saidi akauliza, "Mwanangu, na likizima katikati ya mlima?"

"Utanivuta mimi pamoja nalo, Mzee."

Bwana Nilsen akanipa funguo. Mimi nyuma ya usukani, yeye kando. Sijapata kuona watu wakishangaa vile. Nikaendesha polepole mpaka Igurusi, chini ya mlima. Kisha tukaanza kupanda. Gia ya tatu, gia ya pili. Nikanusa. Hakuna. Pale linapozima kila siku, halikuzima. Nikaanza kuimba na sikujua naimba.

Juu tukasimama kumngoja Mzee Saidi. Bwana Nilsen akaweka kiganja kwenye kifuniko, akakiacha pale pale. Joto la kawaida tu.

Jumamosi, 7 Septemba.

Bwana Garland amemwambia Bwana Nilsen kwamba oili nzito sasa imefanya kazi yake.

Nikasema, "Si kweli, Bwana. Oili yako nimeimwaga Chimala."

Bwana Nilsen akafungua kifuniko, akamwonyesha bati la debe, maandishi ya mafuta ya taa bado yanasomeka. Bwana Garland akawa mwekundu. Akaleta karatasi yake hata hivyo, mbele ya watu. Nadhani hakuwa na pa kurudi.

Nikaichukua. Nikawasomea mafundi wenzangu, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Kisha nikairudisha mezani bila sahihi.

"Weka spana chini," akasema. "Basi."

Nikaziweka moja moja. Sikuharakisha.

Jumapili, 8 Septemba.

Sikusikia mahubiri. Sina kazi. Mama Neema hajanisemesha tangu jana.

Alasiri Bwana Nilsen kaja mpaka mlangoni. Kuna gereji Iringa inatafuta fundi. Yeye anakwenda Jumanne, kiti kipo. Nimemwambia nitakwenda, lakini barua ya kunisifu sitaki. Anipeleke tu. Watanipima wenyewe.

Jumanne, 10 Septemba. Iringa.

Tuliondoka usiku wa manane, tumefika salama saa saba mchana. Gari halikuchemka popote. Gerejini wamenipa lori lililowashinda, linatoka misheni ya Tosamaganga. Kabla ya jioni likawaka. Nimeajiriwa. Nimechoka. Nawakumbuka watoto.

Jumamosi, 28 Septemba.

Leo Mama Neema ameshuka kwenye basi na watoto. Neema ametapika njiani, sasa mzima. Upepo wa Iringa umemfanya mama yake ajifunge khanga mbili na blanketi. Amezunguka chumba, ameangalia paa, ameuliza maji yako wapi. Nilingoja lawama. Haikuja.

Akafungua mzigo. "Kuku nimeuza," akasema. "Jembe sikuuza. Huku kuna mashamba?"

Nikamwambia yapo, ng'ambo ya mto.

Watoto wamelala. Mahindi aliyokuja nayo tumeyachoma, hatukuyamaliza. Kesho baada ya kanisa tutakwenda kuangalia udongo.